Mgongo wa mzee: CT, MRI au PET?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64. Anaumwa kiuno, na maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo. Ameandikiwa MRI. Mwaka jana alipogongwa na bodaboda alipigwa CT ya kichwa na ikatosha, tena CT ni nafuu. Jirani yetu anashauri tujikusanye tumpeleke Nairobi akapigwe PET, maana hiyo inaona mwili mzima. Tufuate lipi? Ana chuma kwenye paja tangu ajali ya zamani, na kabla ya kustaafu alikuwa anachomelea mageti Unga Limited. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Hiyo sentensi ya mwisho umeiweka kama nyongeza tu, lakini mimi naanza nayo.

Mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma hurukiwa na chembe machoni kila mara. Nyingine ni ndogo mno: fundi anafikicha jicho, machozi yanamtoka, anaendelea na geti lake. Chembe ya namna hiyo inaweza kubaki ndani ya jicho miaka mingi bila yeye kujua. Sasa mashine ya MRI ni sumaku, na nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, yaani maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia. Kwa kawaida haizimwi, hata usiku chumba kikiwa kitupu. Inaweza kuisogeza ile chembe na kulijeruhi jicho. Kwa hiyo mzee akifika, aseme mwenyewe kwamba alikuwa fundi, hata kama hakuulizwa. Akiwa aliwahi kuingiwa na chuma jichoni, apigwe kwanza eksirei ya macho. Ni picha ya dakika chache.

Chuma cha paja kinanitia wasiwasi mdogo zaidi. Vyuma vingi vya kuungia mifupa ni vya titani au aina ya chuma cha pua isiyovutwa sana na sumaku, tena vimekazwa kwenye mfupa. Huharibu picha ya eneo vilipo, na paja liko mbali na kiuno. Hata hivyo nendeni na karatasi za upasuaji ule kama bado zipo. Angekuwa na betri ya moyo, hayo yangekuwa mazungumzo mengine kabisa.

Kuhusu CT: ilitosha mwaka jana kwa sababu swali la daktari lilikuwa jepesi kwa CT. Je, damu imevilia kichwani, fuvu limepasuka? CT ni eksirei inayozunguka mwili na kuukata vipande vyembamba kwa picha. Kichwa kinaisha kwa sekunde, na damu mbichi inaonekana nyeupe. Safari hii daktari anauliza mshipa wa fahamu umebanwa wapi, na nini kinaubana. CT itaonyesha pingili vizuri sana, lakini mishipa yenyewe kwa shida. MRI huchukua ishara zake kutoka kwenye haidrojeni ya maji na mafuta mwilini, ndiyo maana diski (vile vijito laini vilivyo kati ya pingili), mishipa na uti wa mgongo hujitenga wazi. Tena haina mionzi ya eksirei. Ikishindikana kwa sababu ya jicho, basi CT itafanywa, nasi tutaisoma kwa kadiri inavyoruhusu.

PET muiache. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi, kisha mashine inatafuta seli zinazoila sukari hiyo kwa pupa. Inasaidia sana kwenye saratani, ingawa kifua kikuu nacho huwaka vilevile, na kwa mikoa yetu hilo si dogo. Sukari hiyo hupoteza nusu ya mionzi yake kila dakika 110. Ikisafirishwa kwa gari kutoka Nairobi mpaka Arusha, zaidi ya robo tatu imeshaisha njiani. Ndiyo maana wagonjwa huifuata iliko. Mshipa uliobanwa na diski hauhitaji safari hiyo.

Majibu yakitoka, msishtuke mkikuta neno diski. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 60 wasio na maumivu yoyote, takriban 7 kati ya 10 wana diski iliyochomoza. Kinachotafutwa ni diski inayougusa mshipa uleule unaoshuka mguu wa kushoto. Bila daktari kumpima mzee kitandani, mimi ninayesoma picha huku Moshi siwezi kulijibu hilo peke yangu, kwa hiyo fomu ya kuombea picha iandikwe kwa kirefu: mguu upi, tangu lini, ganzi iko wapi. “Maumivu ya mgongo” pekee haitusaidii.

Akianza kupata ganzi sehemu za siri, mkojo ukaziba au kumtoka bila kujua, au mguu ukalegea ghafla, msingoje tarehe ya MRI. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.