Waridi langu la kwanza lilitoka kabichi

Kitambaa changu cha kwanza cha kroshia ya fileti, cha kulaza katikati ya meza, kilinichukua wiki saba, jioni kwa jioni. Nilipompelekea mama mkwe, alikikunjua, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizi ni kabichi?"

Yalikuwa mawaridi.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimefuata mchoro chumba kwa chumba, sikukosea hata kimoja. Mchoro ulikuwa sawa. Mkono wangu ndio ulioyakandamiza maua, na hilo ningeligundua siku ya kwanza kama ningefuma kipande cha kujaribia.

Kwa asiyeijua kroshia ya fileti: neno lenyewe ni la Kifaransa, maana yake wavu. Unafuma wavu wa vyumba vidogo vya mraba. Vingine unaviacha wazi, vingine unavijaza, na vilivyojaa ndivyo vinavyochora ua. Chumba kitupu ni nguzo moja (mshono mrefu uliosimama), vitanzi viwili vya mnyororo, kisha nguzo nyingine. Chumba kilichojaa kina nguzo mbili mahali pa vile vitanzi viwili. Vyumba jirani vinachangia ukuta. Basi, hakuna zaidi. Ukiweza kufuma pambo la nanasi la kitambaa cha kochi, hii utaicheka.

Mimi hutumia uzi wa pamba namba 10 na sindano ya milimita 1.5. Kwa mkono wangu vyumba 12 hukaa ndani ya sentimita 10, kwa hiyo vyumba 35 vinanipa upana wa karibu sentimita 29. Napenda idadi witiri ili ua lipate katikati. Hesabu ya kuanzia, kama mstari wa kwanza wote umejaa: 35 mara 3 ni 105, ongeza vitanzi 3 vya kusimama badala ya nguzo ya kwanza, unapata 108. Nguzo inayofuata ichome kwenye kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano. Huo mnyororo ufume kwa sindano kubwa kidogo, hata ya milimita 2, halafu urudi kwenye ya kawaida. Mnyororo ukibana, ncha moja ya kitambaa itajikunja na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Sasa kabichi. Fuma kipande cha vyumba 12 kwa mistari 12, kilaze, pima kwa rula. Kikiwa mraba, endelea. Changu kilikuwa kifupi kuliko upana wake: nguzo zangu ni fupi, na kila mstari ulikuwa unalikandamiza ua kidogo kidogo. Nilikimbilia kubadilisha sindano, haikusaidia, maana sindano kubwa inaongeza urefu na upana kwa pamoja. Dawa ipo kwenye kitanzi cha kwanza cha nguzo: ukishachoma na kuutoa uzi, uvute juu zaidi kabla ya kuendelea. Hapo ndipo urefu wa nguzo unapoamuliwa. Ukifuma kipande cha pili ukiwa na hilo akilini, utaona tofauti. Mwenye nguzo ndefu kupita kiasi afanye kinyume chake.

Mchoro wa ua unaweza kuuchora mwenyewe kwenye daftari la hesabu lenye vyumba, na nakushauri ufanye hivyo. Mary Card wa Australia, aliyeacha ualimu baada ya kupoteza usikivu, alijipatia jina mwanzoni mwa karne ya 20 kwa michoro ya namna hii, na uzuri wa mchoro ni kwamba hauhitaji lugha. Unapochora, ogopa kujaza. Petali mbili zikigusana bila mstari wa vyumba vitupu kati yao, ukiwa mbali utaona bonge tu. Jani liachie mshipa mtupu katikati. Ua linaonekana kwa sababu ya matundu yanayolizunguka.

Jambo lingine ambalo sikulifikiria: meza ina pande mbili. Ukirudia ua lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho, wanaokaa ncha moja watayaona maua yamesimama kwa kichwa. Ukifika katikati ya urefu, geuza daftari juu chini na uendelee.

Kila mwisho wa mstari hesabu vyumba. Vikipungua, mara nyingi umesahau kuchoma nguzo ya mwisho juu ya vile vitanzi vitatu vilivyosimama badala ya nguzo ya kwanza ya mstari uliotangulia. Nimefumua mistari tisa kwa kosa hilo moja. Uzi nunua wote siku moja, maana hata nyeupe zinatofautiana, na uzi mpya uuingize pembeni, kamwe usifunge fundo katikati ya ua.

Mwishoni kiloweke, kikamue ndani ya taulo bila kukisokota, kichovye kwenye wanga mwepesi (mimi hupika uji mwembamba wa unga wa muhogo nikauchuja), kisha kitandaze juu ya godoro lililofunikwa taulo na ukibane kwa pini huku ukipima kila pembe. Pini ziwe zisizoshika kutu. Nina kitambaa kimoja chenye vidoti kumi na vinne vya rangi ya chai, na chai haikuhusika.

Cha pili nilimpelekea mama mkwe mwaka uliofuata. Safari hii aliyataja mawaridi kwa jina lake. Kipo mezani kwake mpaka leo, juu yake amelaza nailoni nzito ili kisichafuke.

Sijasema kitu.