Je, sheria ya Kiingereza imezaliwa na Biblia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, na mara kwa mara ninavuka Kasumbalesa kwenda kununua bidhaa Ndola na Kitwe. Tulipokuwa tukizungumzia deni fulani, wakili mmoja wa huko aliniambia kwamba sheria yao ya Kiingereza, ile inayojengwa na hukumu za majaji, imezaliwa na Biblia, na kwamba ndiyo sababu Zambia inaitwa taifa la Kikristo. Je, ni kweli? Na sheria yetu iliyoletwa na Wabelgiji, haina Ukristo ndani yake?
Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, wakili huyo amefunga mambo mawili katika furushi moja. Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991, ilhali sheria unayoiulizia ilianza kuundwa Uingereza katika karne ya 12, Mfalme Henry wa Pili alipowatuma majaji wake kuzunguka nchi, na Zambia iliirithi kwa wakoloni.

Kanisa liliigeuza kweli sheria hiyo, lakini badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuja pale mapadri walipojitoa mahakamani. Zamani mshtakiwa alibebeshwa chuma cha moto, mkono ukafungwa kitambaa, na baada ya siku tatu kidonda kikatazamwa: kikiwa safi, Mungu amemtetea, kikiwa kimeoza, ana hatia. Wazee wetu waliosikia habari za mwavi, ile sumu ya kumpima mshtakiwa, hawatashangaa, isipokuwa kwamba kule padri ndiye aliyekibariki chuma. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa ulioitishwa na Papa Inosenti wa Tatu, uliwakataza mapadri kubariki vipimo hivyo, na bila baraka kipimo kikakosa nguvu. Majaji wa Kiingereza wakawageukia majirani wa mshtakiwa, kwa kawaida kumi na wawili, wakawaapisha waseme kama ana hatia. Hivyo juri ikaingia katika kesi za jinai. Bara Ulaya, katazo lilelile lilimpa nguvu hakimu anayehoji mashahidi na kuandika kila neno, na ukiwahi kuona unene wa faili katika parke zetu, yaani ofisi za waendesha mashtaka, umeuona mjukuu wa utaratibu huo.

Njia ya pili ya Kanisa kuigusa sheria hiyo ilipita kwa Chansela, afisa mkuu wa mfalme, ambaye kwa karne nyingi alikuwa aghalabu askofu. Aliyenyimwa haki na ukali wa sheria alimwendea, naye aliamua kwa kuitazama dhamiri ya mdaiwa. Huko ndiko mali ya amana ilikopata ulinzi: mtu anaishika kwa jina lake, lakini faida ni ya mwingine. Wafransisko, waliofika Uingereza mwaka 1224 wakiwa na nadhiri ya ufukara, walikuwa miongoni mwa waliokaa katika nyumba zilizoshikwa na wengine kwa ajili yao.

Biblia yenyewe inasikika waziwazi mwaka 1932, jaji wa Uingereza Lord Atkin alipoamua kesi ya konokono aliyedaiwa kuonekana ndani ya chupa ya kinywaji. Alilichukua swali la Injili ya Luka, «jirani yangu ni nani?», akajibu kwamba kisheria jirani ni yule ambaye ningepaswa kutambua kuwa uzembe wangu unaweza kumdhuru.

Kwetu, kifungu cha 258 cha dekreti ya mwaka 1888 kinamtaka kila aliyemsababishia mwingine hasara kwa kosa lake aifidie. Hakitaji jirani wala Injili. Lakini kilitoka katika sheria za Napoleon, ambazo hapo ziliufuata mkono wa Jean Domat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17 na Mkatoliki mshika dini.