Mionzi Haimwagiki

Mwanafunzi wa kidato cha nne kutoka Morogoro ananiuliza hivi: "Mwalimu wetu wa fizikia hutufafanulia mada kwa Kiswahili, na husema 'mionzi ilimwagika' au 'mtu ameambukizwa mionzi'. Kamusi niliyonayo ina neno 'unururifu'. Je, mionzi na unururifu ni kitu kimoja? Na umoja wa mionzi ni upi?"

Mwanangu, la umoja ni jepesi. Umoja ni mwonzi na wingi ni mionzi, katika ngeli moja na mti na mto. Kwa hiyo mwonzi umepenya, mionzi imepenya, na anayeandika "mionzi haya" amekosea. Unururifu umezaliwa na nuru, neno tulilolipata kwa Waarabu, kama vile Marie Curie alivyolitegemea neno la Kilatini la mwale alipoliundia jambo hili jina mwaka 1898, miaka miwili baada ya Henri Becquerel kuona chumvi ya urani ikiacha alama kwenye bamba la kupigia picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi. Kuhusu asili hayo yanatosha, kwa maana swali lako la kwanza limenigusa mahali ambapo nimekuwa nikiumia kwa miaka mingi.

Mionzi na unururifu si kitu kimoja hata kidogo. Unururifu ni tabia ya kiini cha atomi kisichotulia, ambacho hujibadili chenyewe bila kusubiri joto wala shinikizo, na kinapojibadili hutoa mionzi. Mionzi ndiyo hicho kitokacho: alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana, ambazo karatasi tu huzizuia, beta, ambazo kwa kawaida ni elektroni ziendazo kasi na huzuiwa na bati la alumini la milimita chache, na gama, nishati tupu kama mwanga, ambayo hupunguzwa kwa risasi nene (ile metali nzito, si ya bunduki) au ukuta mnene wa zege. Kitu chenye viini vya namna hiyo huitwa dutu nururifu. Kwa hiyo tunayo tabia, tunacho kitokacho, tunacho kitoacho, na kila kimoja kina jina lake. Hatuna udhuru wa kuvirundika vyote ndani ya neno moja.

Usemi ninaoukataa kabisa ni huo wa "mtu mwenye mionzi". Shangazi yangu alipigwa eksirei ya kifua, akarudi nyumbani, na kwa siku mbili hakumbeba mjukuu wake kwa sababu jirani alimwambia kwamba sasa "ana mionzi". Hakuwa na kitu. Mionzi ya eksirei hukoma pale mashine inapozimwa, kama mwanga wa taa unavyokoma, na hakuna aliyewahi kutoka chumba chenye taa akiwa amebeba mwanga mfukoni. Lakini mgonjwa wa tezi ya shingo aliyenyweshwa dawa ya iodini-131 huambiwa na daktari wake akae mbali na watoto kwa siku kadhaa, na huambiwa kweli, kwa kuwa yeye amebeba dutu nururifu mwilini, na nusu ya dutu hiyo ndiyo hubadilika katika kila siku 8. Wagonjwa hawa wawili tunawaita kwa jina moja, kisha tunashangaa watu wakiogopa pasipo kuogopwa na kutoogopa panapostahili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote tunao hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1990 mbung'o wa Unguja, waliokuwa wakiwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, walitokomezwa kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa sekondari angepaswa kuijua. Mbung'o walifugwa Tanga, madume wakapigwa mionzi ya gama kwa kipimo cha kuwafanya tasa, kisha wakadondoshwa kutoka angani juu ya kisiwa ili wapandane na majike wa porini. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, hivyo aliyepatwa na dume tasa hakuzaa. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Nimesikia habari hii ikisimuliwa kwamba "walimwaga mbung'o wenye mionzi", na mara hiyo hiyo msikilizaji akauliza kama maziwa ya Unguja ni salama. Swali hilo lilizaliwa na sarufi. Mbung'o wale walipigwa mionzi; hawakuwa na mionzi, hawakuwa nururifu, wala kipimo kisingegundua kwao chochote kipya. Gama hizo ziliharibu mbegu za dume zikapita, kama jua linavyokausha dagaa bila kuwageuza dagaa kuwa jua. (Nyutroni ni habari nyingine, kwa kuwa zinaweza kuingia kwenye kiini na kukifanya nururifu, lakini eksirei na gama hizo za mbung'o hazifanyi hivyo.)

Linganisha na yaliyotokea Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu waliingia katika kliniki iliyohamwa, wakachukua sehemu ya mashine ya kutibia saratani na kuiuza kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya seziamu-137, dutu nururifu iliyokuwa unga uliong'aa buluu gizani, na watu wakagawiana unga ule, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki, watu 249 wakakutwa na uchafuzi, na nyumba zikabomolewa. Hapa kuna kitu kilichomwagika, lakini ni chumvi. Ungeweza kuizoa, kuiosha na kuifukia; mionzi huwezi kuizoa. Anayeandika "mionzi ilimwagika Goiânia" anamnyima msomaji jambo la pekee ambalo lingemwokoa, yaani kwamba hatari ilikuwa mkononi, kwenye nguo na kwenye sahani ya chakula, na kwamba kuosha mikono kulikuwa na maana.

Kuhusu "kuambukizwa mionzi" sina huruma yoyote, kwa sababu mionzi si ugonjwa na haina vimelea. "Mionzi imevuja" nitaivumilia, nikiwa nimechoka kubishana, pale tu ambapo kinga ya risasi imepasuka na gama zinapenya, kama tunavyosema mwanga unavuja kwenye makuti. Iliyovuja ikiwa ni maji au vumbi, sema maji nururifu, sema vumbi nururifu.

Mwalimu wako namheshimu kwa kufundisha fizikia kwa Kiswahili, kazi ambayo wengi wameikwepa. Sentensi zake mbili andika hivi kwenye daftari lako: "Dutu nururifu ilimwagika ikatoa mionzi," na "Mtu huyo alipigwa mionzi," au, ikiwa unga wenyewe umemganda, "Mtu huyo amechafuliwa na dutu nururifu."