Wasaidizi wanne kwenye kufuli moja

Swali: Salamu, mwalimu. Hapa Malindi tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa kurusha dadu, toleo la tano; wachezaji ni watano, mwendeshaji wa hadithi na sheria ni mimi. Mhusika wao mwivi akitaka kufungua kufuli, wanne waliobaki husema kwa pamoja, "Tunamsaidia!" Mmoja anadai kila msaidizi huongeza 2, ndivyo alivyoona kwenye video. Mwengine anadai kila msaidizi huleta dadu yake ya ziada. Sasa mwivi hashindwi tena. Nani kati yao yuko sawa?

Jibu: Hakuna, ndugu yangu. Huyo wa kuongeza 2 ameokota sheria ya toleo la tatu, la mwaka 2000, tena ameiokota nusu. Kule msaidizi hurusha dadu yake mwenyewe, na asipofikisha 10 hamfai mwenzake kitu. Huyo wa dadu nyingi ametunga. Katika toleo lenu, anayesaidiwa hurusha dadu mbili za pande 20 badala ya moja, na kushika iliyo kubwa. Wasaidizi wawe wawili au kumi, dadu ni hizo hizo mbili.

Na hapo kwenye kufuli huenda hao wanne wote hawastahili. Sheria za 2014, za kwanza za toleo hilo la tano, zinasema wazi kwamba humsaidii mtu kazi ambayo wewe peke yako usingeweza kuijaribu, na mfano unaotolewa ni huo huo wa kufuli: asiye na umahiri wa vifaa vya wezi hana la kumsaidia aliye nao. Za 2024, zilizorekebisha toleo hilo hilo, zimekaza zaidi. Msaidizi lazima awe na umahiri katika ujuzi au kifaa kinachohusika, awe karibu, na mwendeshaji ndiye mwenye neno la mwisho. Mwendeshaji ni wewe. Sema hapana.

Linalonikera, na naletewa kila mara, ni imani kwamba kusaidia ni kutamka tu. Mtu hajainua macho kwenye simu yake, anasema "namsaidia", na dadu ya pili inatolewa. Msaada ni tendo la mhusika. Muulize: unafanya nini? Chukua jahazi lililopanda fungu la mchanga kule Mkanda, mlango wa maji wa Lamu, maji yanakupwa, nahodha anahangaika kulitoa. Mchezaji mmoja anasema anashika upondo na kusukuma kwa kifua. Huyo anasaidia. Mwengine anahamisha magunia kutoka omo, yaani mbele, kupeleka tezi, yaani nyuma, ili omo linyanyuke kwenye mchanga. Huyo pia anasaidia, tena meza nzima imeliona jahazi likiinuka. Wa tatu anasema "namtia moyo". Huyo simpi kitu. Nahodha ana maji yanayokimbia, hana haja ya makofi. Na kuna kazi zisizotaka mtu wa pili hata akiwa fundi. Sheria zenyewe zinataja kutunga uzi kwenye sindano. Tundu la ufunguo lenye nafasi ya jicho moja nalo ni hivyo hivyo: wa pili atamzibia mwenzake mwanga.

Halafu wako wanaohubiri kwamba dadu ya pili ni sawa na kuongeza 5. Hiyo 5 ni ya majaribio yasiyorushwa dadu, mwendeshaji anapotumia alama ya kudumu ya mhusika. Kwa dadu yenyewe, anayehitaji 11 au zaidi hutoka asilimia 50 akafika 75, na hapo kweli inalingana. Lakini anayehitaji 20 hutoka asilimia 5 akafika 9.75, faida isiyozidi kuongezewa 1. Mchezaji aliyeaminishwa vingine humtuma mwenzake kwenye hatari asiyoijua.

Ukiwafungia mlango huo watakujia na huu: "Basi na mimi nijaribu." Wakiwa watano, kila mmoja na nafasi ya asilimia 25, nafasi ya angalau mmoja kufaulu ni asilimia 76. Kazi uliyoipanga iwe ngumu imekuwa nyepesi bila mtu kuumiza kichwa. Waruhusu wenye umahiri tu, na anayeshindwa abadilishe kitu: kufuli iharibike, au mlinzi asikie.

Kinyume chake, wakinyemelea wote kwenye vichochoro usiku, usidai kila mmoja afaulu. Watano wenye nafasi ya asilimia 70 kila mmoja hupita wote mara 17 tu katika 100. Tumia jaribio la kundi: nusu au zaidi wakifaulu, kundi limefaulu. Kwa watano hao, maana yake watatu, na nafasi inapanda hadi asilimia 84. Hapo wajuzi wanawabeba wasiojua, na ushirikiano huo una sheria yake kamili. Sijui kwa nini video hizo haziutaji.

Ndiyo maana nawaonya waendeshaji wote, si wewe peke yako, juu ya zile picha za "sheria kwa ufupi" zinazozungushwa kwenye WhatsApp. Zinabandika ya 2000, ya 2014 na ya 2024 kwenye ukurasa mmoja, na aliyezibandika hajaendesha meza hata moja hadi mwisho. Anayeumia ni mchezaji wa mwivi, aliyechagua ujuzi wake kwa makusudi, sasa kila mtu ni mwivi. Anaacha kuja, na huambiwi sababu.

Kubalianeni toleo moja kabla ya kikao kijacho. Atakayekuja tena na video, mwambie akuonyeshe ukurasa katika kitabu mnachotumia. Asipouonyesha, mwivi arushe dadu moja na mchezo uendelee.