Mayai yamefika mazima, vifaranga hawakutoka

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafuga kuku chotara, na mayai yangu yanatotoa vizuri nikiyaweka kwenye mashine yangu mwenyewe. Hivi karibuni nimeanza kuuza mayai ya kutotolesha kwa wateja wa mbali, nawatumia kwa posta. Mteja mmoja nilimtumia mayai 30. Hakuna hata moja lililopasuka, lakini kwenye mashine yake wametoka vifaranga 8 tu. Anasema nilimuuzia mayai yasiyo na mbegu na anataka pesa zake. Mayai 22 yaliyobaki bado anayo. Nilifunga vizuri: kila yai nililizungushia karatasi, nikapanga kwenye trei, nikaweka kwenye boksi gumu. Tatizo ni nini, na je, nimrudishie pesa?

JIBU: Pole sana ndugu msomaji. Kama mayai ya kundi lilelile yanatotoa vizuri kwako, tatizo la jogoo silioni. Kuna uwezekano mashine ya mteja ina kasoro, na hilo tutaliangalia mwishoni, lakini maelezo yako yananielekeza zaidi njiani. Ulilinda ganda, na ganda likafika salama. Kwa yai la kula hiyo inatosha. Yai la kutotolesha lina kiinitete hai ndani yake, yaani chanzo cha kifaranga, na vitu viwili vinaweza kukiua bila kuacha alama yoyote kwa nje: mtikisiko na joto.

Tuanze na mtikisiko. Chukua yai la leo, ingia chumba chenye giza, limulike kwa tochi ya simu kwenye upande wake mnene. Utaona duara dogo linalong'aa. Hiyo ni chemba ya hewa, iko katikati ya ngozi mbili nyembamba zilizolala chini ya ganda. Kifaranga akikaribia kutoka, siku ya 19 au 20, hupenyeza mdomo wake humo na kuvuta pumzi ya kwanza kabla hajaanza kulidonoa ganda. Sasa mulika yai lililosafiri siku mbili kwenye barabara mbovu. Aghalabu ukingo wa chemba unacheza ukiliinamisha yai, kama maji kwenye chupa isiyojaa, au umeteremkia ubavu mmoja. Ngozi ya ndani imeachia. Yai la namna hii linaweza kuanza vizuri kabisa, likajaa mishipa ya damu, kisha kifaranga akafia ndani siku za mwisho. Boksi gumu halizuii hali hiyo. Boksi gumu linapitisha mtetemo wote wa gari moja kwa moja hadi kwenye yai.

Joto nalo lina hila yake. Yai likitagwa na kupoa, kiinitete husimama kukua na kusubiri. Kwenye nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi husubiri kwa wiki moja bila hasara kubwa. Baada ya hapo uwezo wa kutotoa unashuka kila siku inayopita. Likipanda juu ya nyuzi 21 hivi, kinaanza kukua kidogokidogo. Usiku ukiwa wa baridi kinasimama, mchana kinaanza tena. Anza-simama ya siku tatu inadhoofisha, na boksi lililoachwa juani au juu ya injini ya gari linamaliza kazi kwa saa chache. Wapo wanaoweka barafu ndani ya boksi kukwepa hilo. Usifanye hivyo. Yai likipoa sana kisha likakutana na hewa ya vuguvugu linatoka jasho, na unyevu huo unasaidia bakteria kupenya kwenye vitundu vya ganda. Kwa sababu hiyohiyo usiyaoshe mayai kabla ya kuyatuma. Lenye kinyesi libaki nyumbani, ukale.

Kabla hata ya kugusa boksi, chagua. Tuma mayai yasiyozidi siku nne, maana safari nayo inahesabika kwenye ile wiki moja. Acha makubwa kupita kiasi, madogo, marefu kama risasi na yenye ganda la chokaa au lenye mikunjo. Mulika kila moja kutafuta ufa mwembamba kama unywele, kisha zungushia chemba ya hewa mstari wa penseli. Wino wa kalamu usitumie. Mstari huo utaona faida yake baadaye.

Kufunga sasa. Karatasi peke yake haitoshi. Kila yai livalishe nailoni yenye vipovu, izunguke kiunoni mara moja na nusu, ncha mbili zikae wazi kwa sababu yai linapumua. Shikiza kwa kipande kidogo cha tepu bila kukaza. Kisha lisimamishe kwenye trei, upande mwembamba chini na upande mnene juu, bila kubahatisha. Kama unapata sponji nene iliyotobolewa matundu ya saizi ya yai, ni bora kuliko trei ya karatasi. Hiyo ndiyo inayomeza mtetemo. Mayai yaliyopangwa yaingie kwenye boksi dogo, na boksi dogo liingie kwenye kubwa lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande, pamoja na chini na juu. Jaza nafasi hiyo kwa maranda makavu au vipande vya sponji. Magazeti yaliyofinyangwa yananywea njiani, na siku ya pili boksi la ndani linaanza kucheza.

Ukimaliza, shika boksi kwa mikono miwili, liinamishe taratibu huku na huku karibu na sikio. Ukisikia chochote kinasogea, fungua uongeze. Lakini kifuniko kikipanda juu kama mgongo wa kobe umezidisha, uzito unaegemea mayai. Kinatakiwa kifunge bapa bila kusukumwa. Toboa vitundu vichache ubavuni.

Watu wengi huandika "JUU" na kuchora mishale, halafu mbebaji analiweka boksi vyovyote. Andika, lakini usitegemee maandishi. Chagua boksi pana na fupi, ambalo halina sababu ya kulazwa ubavu, na funga kamba ya kushikia juu yake. Mtu akikuta mpini hushika mpini, na akishika mpini boksi linakaa wima. Hii kamba imenisaidia kuliko lebo zote nilizowahi kubandika. Kwenye lebo andika kwamba ni mayai ya kutotolesha, yasiwekwe juani wala kwenye jokofu, na namba ya simu ya mpokeaji ionekane vizuri. Tuma mwanzoni mwa wiki ili kifurushi kisilale stoo wikiendi nzima, na mwombe mteja akakichukue mwenyewe dirishani badala ya kukiacha kizunguke kwenye gari la kusambazia. Kama mteja yuko nchi nyingine, uliza vibali vya afya ya mifugo kwanza; kuna magonjwa yanayoambukizwa kupitia yai, na mamlaka za mipakani hazina mzaha na hilo.

Kabla ya kumtumia mteja mwingine, jaribu ufungaji wako. Funga mayai ambayo huuzi, yaliyozungushiwa ule mstari wa penseli, uyatume kwa rafiki wa mbali na yeye akurudishie. Mulika. Chemba ikiwa bado iko kwenye mstari, endelea na biashara. Ikiwa inacheza, ongeza sponji.

Mteja naye ana sehemu yake. Akipokea tu, afungue, amulike, atoe yenye ufa, ayasimamishe upande mnene juu kwenye chumba kisicho na joto kali kwa saa 12 hadi 24. Asiyatoe kwenye boksi na kuyatia kwenye mashine papo hapo. Kwa yale ambayo chemba inacheza, wataalamu tunatofautiana kidogo. Mimi hushauri yakae wima kwenye trei ndani ya mashine bila kugeuzwa siku mbili au tatu, halafu yageuzwe kwa kuinamishwa nyuzi 45 kila upande, kamwe yasibiringishwe. Joto la mashine liwe nyuzi 37.5 hadi 37.8 kama ina feni. Siku ya 18 kugeuza kunakoma, kama kawaida ya kuku, na mayai haya ningeyaacha yatotoe yakiwa yamesimama vilevile.

Turudi kwenye pesa. Mwombe mteja apasue yale mayai 22 moja baada ya jingine, nje ya nyumba na ndani ya ndoo yenye maji, maana yai viza linaweza kupasuka kwa kishindo na harufu yake haitoki nguoni. Akupigie picha ya kila moja. Akikuta kiini kimekaa safi, bila tone la damu wala kitu chochote kilichoanza kujiumba, yai hilo huenda halikuwa na mbegu, au kiinitete kilikufa mapema mno; kwa wiki tatu kwenye joto si rahisi kutofautisha. Duara la damu, au doa jeusi dogo, ni kifo cha siku za mwanzo, na hapo mshukiwe joto la njiani au mayai kukaa sana. Kifaranga kamili aliyefia ndani, wengi kwa pamoja, ni chemba iliyoharibika au unyevu mbaya wa mashine; muulize mteja mashine ilikuwa inasoma nini siku tatu za mwisho, na kama aliifungua kuchungulia.

Yakiwa mengi ni safi, mrudishie, hata kama una uhakika na jogoo wako. Yakiwa mengi yana damu au vifaranga, mbegu ilikuwepo na dai lake halisimami. Hapo ningempa nusu ya mayai bure mzigo ujao, yakiwa yamefungwa kwa sponji. Na kuanzia sasa mwandikie kila mteja kabla hajalipa: unadhamini mayai mabichi, yenye mbegu, yasiyo na ufa. Idadi ya vifaranga usiidhamini. Yai lililosafiri likikupa nusu, umefanya vizuri.