Kuzalisha malkia wa nyuki: wafugaji wanauliza

Shikamoo mzee. Nina mizinga sita ya viunzi. Nataka kuzalisha malkia, ila macho yangu hayaiwezi kazi ya kuhamisha buu kwa kijiti. Nianzie wapi? (Sikonge)

Marahaba. Kijiti kiweke kando, nyuki wenyewe wanaijua kazi hiyo. Malkia na mfanyakazi hutoka kwenye yai la aina moja, kinachowatenga ni malezi: buu aliyelishwa maziwa ya nyuki kwa wingi hadi mwisho ndiye huwa malkia. Kundi likikosa malkia huku lina mabuu wachanga, hujilelea mwingine.

Chagua kundi kubwa. Jioni jua likishapoa, hamishia viunzi vinne (vile vijiti vya juu ya mzinga vinavyobeba masega) kwenye mzinga mtupu: kimoja chenye mayai na mabuu wadogo kabisa, viwili vyenye watoto waliofunikwa kwa nta vyumbani mwao, na kimoja cha asali na chavua. Vihamishe na nyuki wake, kisha kung'utia humo nyuki wa sega jingine la watoto, maana nyuki watafutaji wa chakula watarudi kwenye mzinga wa zamani. Sega la kiunzi halina fremu ya kulishika, kwa hiyo libebe wima. Ukililaza litakatika na watoto watamwagika. Mlango uache mdogo, nyuki wachache waweze kuulinda.

Huna haja ya kumsaka malkia. Siku ya 4 kagua mizinga yote miwili. Penye mayai mapya ndipo alipo. Penye vyumba vinavyoning'inia kama karanga yenye ganda ndipo wanapolea mwingine. Hapo tazama kwa makini: chumba cha malkia kilichokwisha kufunikwa siku hiyo ya 4 kilianzishwa kwa buu aliyepita umri, na malkia wake huwa dhaifu. Kibomoe, mradi vipo vingine vilivyo wazi. Kazi hii ndogo wengi huiruka, kisha wanalalamika kwamba malkia wanaopatikana kwa kugawa kundi hivi hawafai.

Niligawa kundi, siku ya 10 nikafungua, sikuona yai hata moja. Malkia amekufa? (Manyoni)

Hajazaliwa, ndugu yangu. Kutoka yai hadi malkia kutoka ni takriban siku 16, na nyuki wetu huweza kutangulia kidogo. Ulipogawa, buu wako alikuwa na siku kama 4 tangu yai litagwe, kwa hiyo hesabu siku 11 au 12. Akitoka anahitaji wiki moja hivi kukomaa, aruke kwenda kupandwa, kisha siku chache zaidi ndipo atage. Subiri hadi wiki ya nne. Katika kipindi hicho usifungue mzinga, hasa mchana, ndio muda wa malkia kuruka. Nyuki wetu wakichokozwa sana huhama.

Ukiwa bado na wasiwasi baada ya hapo, wape kipande cha sega chenye mayai na mabuu wachanga kutoka mzinga mwingine. Wakianza kujenga vyumba vya malkia ndani ya siku tatu au nne, hawana malkia.

Msimu gani unafaa? (Kitui)

Tazama madume. Ukiona chavua inaingia kwa wingi na madume wanatembea kwenye masega, anza. Dume huchukua siku 24 kutoka yai hadi kutoka, na karibu wiki mbili nyingine kukomaa. Bila madume waliokomaa, malkia wako ataruka bure.

Kundi langu lenye asali nyingi ndilo kali kuliko yote. Nizalishe kutoka kwake? (Tabora)

Mimi nisingefanya hivyo kama lipo jingine linalolikaribia kwa asali na linakaguliwa bila kukufukuza hadi nyumbani. Andika kwenye daftari, kwa kila mzinga, asali, ukali, na kama kundi lilikaa kiangazi kizima. Hilo la kukaa nalithamini mno, kwa sababu asali ya kundi lililohama huivuni. Ila kumbuka malkia hupandwa na madume wengi, 10 hadi 20, wakiwamo wa porini. Usitarajie kila binti afanane na mama.

Kwa nini tusiagize malkia wapole wa Ulaya? (Mbeya)

Kwa sababu mabinti zao watapandwa na madume wa hapa, na upole huo hautadumu. Tena mgeni huweza kuja na magonjwa. Brazil walijaribu kinyume chake: mwaka 1956 mtaalamu wao wa jenetiki, Warwick Kerr, alipeleka malkia kutoka Afrika, wengi wa Afrika Kusini na wa Tabora pia. Mwaka 1957 makundi yakatoroka, na uzao wao ukaenea hadi Marekani. Nyuki wetu wamezoea ukame wetu na maua yetu. Tuchague kati yao.

Naona mayai matatu, manne ndani ya chumba kimoja. Malkia wangu anataga sana? (Kondoa)

La. Mayai yakiwa mengi hivyo na yamebandikwa ukutani mwa chumba, wanaotaga ni wafanyakazi, na watatoka madume tupu. Usipoteze malkia mpya kwao, watamwua. Wakung'ute jioni mita kadhaa mbele ya mizinga yenye nguvu, uondoe mzinga wao, na masega uyakague kama yana nondo (wadudu wanaoharibu nta) kabla ya kuyatumia tena.