Kura za kuvuka chama kuhusu mikataba ya silaha: hesabu yake isomwe vipi?

SWALI: Assalamu alaykum, Wakili. Ninasomesha Historia katika shule ya sekondari hapa Lamu. Katika somo la udhibiti wa silaha niliwaambia wanafunzi kwamba mkataba wa New START wa kupunguza silaha za nyuklia baina ya Marekani na Urusi ulipita katika Seneti ya Marekani mwaka 2010 kwa kura 71 dhidi ya 26, na kwamba huo ni ushahidi kuwa mambo ya nyuklia hayana chama. Mwanafunzi mmoja akanikumbusha kwamba mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia ulianguka katika Seneti hiyo hiyo mwaka 1999, na karibu kila seneta alishika upande wa chama chake. Tutumie kipimo gani kujua kama maseneta wamevuka chama kweli, na ni nini huwavusha?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Mwanafunzi wako amegusa penyewe, kwa sababu jumla ya kura haitoshi kuthibitisha jambo hilo. Ili kuisoma vizuri unahitaji kujua kiwango kilichotakiwa, chama cha rais aliyetia saini, na idadi ya waliotoka upande wa pili ikilinganishwa na wenzao waliobaki.

Katiba ya Marekani inataka theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, si ya maseneta wote 100. Tarehe 22 Desemba 2010 walipiga kura 97, kwa hiyo zilihitajika 65. Wademokrat pamoja na wawili wasiofungamana na chama walikuwa 58, na wote waliunga mkono mkataba uliotiwa saini na rais wa upande wao, Barack Obama. Pengo lilikuwa kura saba, na Warepublikan waliojitokeza kuliziba walikuwa 13 kati ya 39 waliopiga kura siku hiyo, yaani theluthi moja kamili. Hiyo 13 ndiyo namba ya kuandika ubaoni. Hiyo 71 inakuambia tu kwamba mkataba ulipita.

Ukishika kipimo hicho, kura zinazoonekana kubwa zinapungua uzito. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati ulipata 93 dhidi ya 5 mwaka 1988, lakini aliyeuleta alikuwa Ronald Reagan, Mrepublikan mwenye sifa ya ukali dhidi ya Wasovieti, na Wademokrat walikuwa na hamu ya kupunguza silaha tangu awali. Wengi walivuka siku hiyo bila kuhatarisha chochote. Kwa maoni yangu, kura ya mwaka 1997 kuhusu silaha za kemikali ina mafunzo zaidi: ilikuwa 74 dhidi ya 26, Rais alikuwa Bill Clinton, na Warepublikan 29 kati ya 55 walimuunga mkono baada ya kiongozi wao katika Seneti, Trent Lott, kutangaza kwamba naye angeunga mkono. Kiongozi akifungua mlango, wengi hupita.

Tazama sasa mlango ulipofungwa. Mwaka 1999 mkataba wa majaribio ya nyuklia ulipata kura 48 dhidi ya 51, na seneta mmoja alitaja tu kwamba yupo, bila kuchagua upande. Warepublikan waliouunga mkono walikuwa wanne. Lakini siku moja kabla ya hapo, maseneta 62 kutoka vyama vyote viwili walikuwa wametia saini barua ya kuomba kura iahirishwe, maana waliona utaanguka na hawakutaka uanguke. Kuahirisha kulihitaji ridhaa ya wote, na Warepublikan wachache walikataa. Kwa hiyo hesabu ya mwisho inaonyesha ukuta baina ya vyama, ilhali barua ile inaonyesha kwamba wengi walikuwa tayari kukaa pamoja laiti wangepewa muda. Jambo hili hunisikitisha kila ninapolisoma, kwa kuwa linatuhusu na sisi: Kenya imeridhia mkataba huo, kituo cha Kilimambogo ni sehemu ya mtandao wa kimataifa unaosikiliza mitikisiko ya milipuko chini ya ardhi, na mkataba wenyewe haujaanza kutumika kwa sababu Marekani na nchi nyingine kadhaa ambazo lazima ziridhie hazijafanya hivyo.

Kuhusu kinachowavusha, chukua Tennessee. Maseneta wake wawili, Lamar Alexander na Bob Corker, walikuwa Warepublikan, na wote wawili waliunga mkono New START. Jimboni kwao, mjini Oak Ridge, kuna kiwanda cha Y-12 kinachoshughulikia urani ya silaha. Siku mbili kabla ya kura, Obama alimwandikia Alexander na wenzake watatu barua ya kuahidi kuomba fedha za kuvifanya vya kisasa viwanda vya aina hiyo, na siku iliyofuata Alexander akatangaza msimamo wake. Hata hivyo, usiwafundishe wanafunzi kwamba fedha ndizo jibu, kwani Jon Kyl wa Arizona, Mrepublikan pia, ndiye aliyeongoza madai ya fedha hizo kwa miezi mingi, serikali ikaongeza kiasi, na bado alipiga kura ya kukataa.

Kilichowasaidia wengine kuvuka ni kinga ndani ya chama. Mapema Desemba 2010 mawaziri watano wa zamani wa mambo ya nje wa serikali za Republican, wakiwamo Henry Kissinger, George Shultz na Colin Powell, walichapisha makala ya kuunga mkono mkataba, na seneta aliyekuwa na wasiwasi akapata wazee wa chama chake wa kuwataja mbele ya wapigakura. Pia watatu kati ya wale 13 walikuwa wanaondoka Seneti mwezi uliofuata, kwa hiyo hawakuwa na uchaguzi wa kuogopa.

Wasio na kinga hulipa. Richard Lugar wa Indiana, aliyekuwa nguzo ya Warepublikan walioutetea mkataba, alishindwa mwaka 2012 katika mchujo wa chama chake mwenyewe baada ya kushutumiwa kwamba yuko karibu mno na upande wa Obama. Mwambie mwanafunzi wako pia kwamba Lugar huyo huyo alipiga kura ya kuukataa mkataba wa mwaka 1999. Hakuwa mtu wa kuvuka kila mara; alipima kila mkataba peke yake.

Mkitaka kulinganisha na kwetu, chungeni jambo moja. Chini ya Sheria ya Kufanya na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012, mkataba hupitia Baraza la Mawaziri kisha Bunge la Taifa, na kwa kawaida Bunge huamua kwa wingi wa kawaida wa wanaopiga kura. Serikali yenye wabunge wengi haihitaji kumshawishi mtu wa upande wa pili, na kura ikipigwa kwa sauti, majina hayaandikwi kwenye Hansadi. Kwa hiyo someni hotuba za mjadala na ripoti ya kamati husika, humo ndimo mtakamoona mbunge aliyeachana na kiranja wake na sababu alizotoa.